Taa za kushushia ndege zinataka kitambaa, kipimo na panga

Mheshimiwa Mhariri,

Kila vinapozungumzwa viwanja vyetu vya ndege, Unguja na Pemba, maneno huishia kwenye majengo ya abiria na urefu wa njia ya kurukia. Naomba nafasi niseme juu ya maboksi manne ya taa ambayo kwa kawaida hupangwa ubavu wa kushoto wa njia hiyo, mfumo wa PAPI, unaomwonyesha rubani anayetua kama anateremka kwa pembe sahihi, uliobuniwa Uingereza miaka ya 1970. Mfumo huu ukifungwa kisha ukasahauliwa, humdanganya rubani.

Kila boksi hutoa mwanga uliogawika, juu mweupe na chini mwekundu. Rangi hugeuka ndani ya dakika 3 za nyuzi (nyuzi moja ni dakika 60), kiasi cha mita 4 na nusu tu kwa ndege iliyo umbali wa kilomita 5. Ndege ikiteremka kwa nyuzi 3, boksi la nje kabisa hulengwa nyuzi 2 na dakika 30, linalofuata 2 na 50, kisha 3 na 10, na lililo karibu na njia ya kurukia 3 na 30. Nyeupe mbili na nyekundu mbili, rubani yuko sawasawa. Nyeupe tatu, yuko juu kidogo. Nyekundu tatu, ameanza kushuka mno. Zote nyekundu, yuko chini ya njia salama. Anayekuja usiku kutoka baharini, chini yake giza tupu, hana alama nyingine ya kukisia urefu, kwa hiyo huziamini taa hizi kwa moyo wote.

Pembe ndiyo inayoharibika kimyakimya. Boksi likiinama dakika 10 tu, mpaka wa rangi umeshahama zaidi ya mita 14 pale kwenye kilomita 5. Masika hulegeza udongo chini ya msingi wa zege. Trekta la kukatia majani nalo hugonga miguu ya boksi, ambayo imetengenezwa makusudi ivunjike kwa wepesi ili isiidhuru ndege. Basi kila baada ya mvua kubwa na kila baada ya kukata majani, fundi aweke kipimo cha pembe juu ya kila boksi na kuandika tarakimu daftarini. Asipime kwa jicho.

Lenzi ina maadui wake: chumvi ya kusi, vumbi, utando wa buibui, na umande wa alfajiri za kipupwe. Umande huchanganya nyekundu na nyeupe, mpaka wa rangi ukafifia, rubani akaona waridi isiyo na maana yoyote. Dawa yake inajulikana: taa zisizimwe kabisa, ziachwe zikiwaka kwa nguvu ndogo ili lenzi ibaki na joto. Kuzizima kwa kubana matumizi ya umeme ni hasara. Na boksi moja likifa lote, uzimwe mfumo mzima mpaka litengenezwe, kwani taa tatu zilizobaki zina maana nyingine machoni pa rubani.

La minazi ni zito zaidi, kwa sababu linagusa mali za watu. Kwa pembe nilizozitaja, mstari wa usalama, ambao mti wala jengo halitakiwi kuupita, hupanda chini ya mwanga kwa nyuzi 1.93. Nusu kilomita kutoka unapoanzia, mstari huo una urefu wa mita 17 hivi. Mnazi wa mita 20 umeshaukata. Mnazi hauonywi, unaendelea kukua, na shamba lililopimwa salama miaka mitano nyuma leo linaweza kuwa si salama tena. Wapimaji warudi kila mwaka wakiwa na masheha, mwenye mnazi alipwe fidia ya haki kabla panga halijapita, na pale pahala papandwe muhogo au viazi vitamu.

Ninaomba wahusika wa viwanja vyote viwili watangaze hadharani tarehe ya mwisho pembe zilipopimwa, boksi kwa boksi, na tarehe ya mwisho minazi ilipopimwa.

Msomaji wako,
Unguja