Usiuamue ua wa nyumba yako kwa kuutazama katika mwezi wa Julai

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalomgusa kila mwenye nyumba visiwani kwetu, lakini ambalo huandikwa kwa nadra: mtu aamue vipi namna ya kuutengeneza upya ua wa nyuma ya nyumba yake, ili uwe mahali pa kuishi na si pa kupitia tu.

Jambo hili liko nyumbani kwangu hivi sasa. Mwanangu anayefanya kazi Maskati alileta fedha na kututaka tuutengeneze ua, ambao tangu tuhamie hapa Fuoni umebaki kuwa mchanga, kamba za kuanikia nguo na mti mmoja mkubwa wa mkungu. Tukamwita fundi, naye akaja mwezi wa Julai, wakati kusi kinavuma na hata adhuhuri mtu anaweza kukaa nje bila ya kutafuta kivuli. Alipima, akaondoka, na baada ya siku mbili akarudi na mchoro: ua wote utandikwe pevingi, yaani matofali ya zege, kutoka ukuta hadi ukuta, mkungu ukatwe kwa sababu majani yake ni mapana na popo huangusha kungu usiku kucha, ukuta wa nyuma unyanyuliwe hadi mita 3, na jiko la nje lijengwe kwa kuegemea ukuta huo. Mchoro ulivutia na sote tuliridhika nao, isipokuwa mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye na ambaye huutumia ua ule kuliko sisi sote. Yeye aliuliza suali moja tu: "Na Januari, mkeka wangu nitautandika wapi?"

Suali lile lilinifanya nisimamishe kazi. Nyumba yetu imeelekea kaskazini na ua uko upande wa kusini. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua la mchana huwa limeinama upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba hulala uani. Ukuta wa nyumba wenye kimo cha mita 3 na nusu hutoa kivuli cha karibu mita 2 saa sita mchana. Kuanzia Novemba hadi Januari mambo hugeuka. Jua hupita kusini mwetu, kivuli cha nyumba huangukia barabarani, na ua mzima hubaki wazi katika miezi ile ile ya joto la kaskazi. Tena upepo wa kaskazi wenyewe hutoka upande wa mbele, nyumba ikauzuia, na huku nyuma hewa ikasimama. Fundi aliuona ua wetu katika sura yake nzuri kuliko zote za mwaka, akaupangia kana kwamba utabaki hivyo. Simlaumu, kwa sababu hata sisi tunaoishi humu hatukumwambia.

Tangu hapo nimekuwa nikimtazama mama kwa makini zaidi, na nakiri kwamba nimejifunza mengi. Mkeka wake una safari ya kila siku. Asubuhi huutandika karibu na mlango wa jiko na kuchambua mchele. Ikikaribia adhuhuri huuburura hadi chini ya mkungu, na hapo ndipo mbuzi ya kukunia nazi inapokaa, ndipo wajukuu wanaporudi kutoka chuo cha Kurani na kula. Baada ya alasiri huhamia kwenye ukuta wa magharibi, ambao wakati huo umeshaanza kutoa kivuli. Nilichukua chaki nikaweka alama kila mahali mkeka ulipotua, kwa muda wa wiki moja. Alama zote ziliangukia katika sehemu tatu, na mchoro wa fundi ulikuwa unaiondoa ile iliyo kubwa kuliko zote. Kwa maoni yangu hakuna chombo cha kupimia ua kilicho bora kuliko mtu mzima anayeutumia kutwa.

Kwa hivyo mkungu utabaki. Majani yatafagiwa, kama yalivyokuwa yakifagiwa. Wako watakaosema kwamba paa la mabati lingetosha, na ni kweli kwamba mabati hukinga mvua, lakini yanapopigwa na jua la Januari hushusha joto kichwani mwa aliyeketi chini yake, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Makuti ni baridi na yanapendeza, ila yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na hayafai kabisa kukaa juu ya jiko la mkaa. Sisi tumekubaliana kuongeza chanja ya nguzo za mivinje mbele ya mlango wa uani na kuipandisha mpasheni, ambao hukua haraka na hutoa matunda juu ya kivuli.

Kuhusu ukuta, naelewa sana haja ya stara. Ua ni mahali pa kinamama kukaa bila ya baibui, na hilo si jambo la kujadili. Lakini ukuta wa mita 3 ulioziba kote upande wa kusini unawanyima watu wa nyumba upepo wa kusi, ambao ndio pekee unaotufikia huku nyuma. Fundi wa pili tuliyemshauri alituonesha kwamba inawezekana kuwacha safu mbili za matofali ya matundu kwenye kimo cha mtu aliyeketi, matundu yenyewe yakiwa ya mshazari, ili upepo upite na jicho lisipite. Nilikwenda kwenye nyumba moja aliyoijenga hivyo, nikasimama nje na kuinama mbele ya matundu, nikaona ardhi tu. Upepo huo huo ndio uliotufanya tuhamishe jiko. Lingejengwa kwenye ukuta wa kusini, moshi wote wa mkaa ungeingia vyumbani kwa muda wa miezi mitano au sita. Sasa litakaa kwenye pembe ya magharibi, ubavuni mwa ghala ambayo haina dirisha.

Kuna jambo jengine ambalo michoro ya siku hizi, hasa ile inayoigwa kutoka kwenye picha za hoteli za pwani, hailifikirii kabisa. Ua wa Mzanzibari ni mahali pa shughuli. Mwezi wa Ramadhani tunakaa watu 20 na zaidi kwenye futari. Ikitokea arusi au khitma, kinamama wa mtaa mzima huingia na mafiga yao na masufuria ambayo watu wawili ndio huyabeba. Ukijenga katikati ya ua viti vya zege, bustani ya mviringo na chemchemi ya maji, siku ya msiba watu watapikia barabarani. Sisi tumeamua kujenga baraza tu, kwa mawe na chokaa, ikifuata ukuta wa magharibi kuanzia hapo penye jiko, kimo cha sentimita 45 na upana wa kutosha mtu kukunja miguu, na katikati pabaki wazi. Wazee waliojenga Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, waliweka baraza nje na ua ndani hata penye kiwanja kidogo, na sioni kwa nini sisi tuliojaaliwa nafasi kidogo zaidi huku nje ya Mji Mkongwe tushindwe.

Nimelichelewesha suala la maji, nalo ndilo zito kuliko yote. Miaka minne nyuma tulisakafu kwa saruji kipande kilicho mbele ya jiko, na mteremko ukakosewa, ukaelekea mlangoni. Masika iliyofuata tuliamka usiku tukakuta maji yamefika vifundoni na magunia ya mchele yamelowa. Kilikuwa kipande cha mita 4 kwa 3 tu. Sasa naomba msomaji afanye hesabu: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji, kwa hiyo ua wa mita za mraba 60 ukizibwa wote, usiku mmoja wa mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu mwezi wa Aprili, utatoa lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200, na hapo hujahesabu maji ya paani. Yataelekea wapi? Kwa jirani, au barabarani, na barabara zetu za Fuoni na Mwanakwerekwe kila mwenyeji anazijua zinavyokuwa wakati wa masika. Zaidi ya hayo, maji tunayokunywa Unguja kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, na ardhi hulipwa na mvua hiyo hiyo.

Pevingi si adui. Ikitandikwa juu ya mchanga na nafasi zake zikajazwa mchanga, hupitisha maji kiasi. Lakini wengi wetu humwaga zege chini kwanza na kuziba nafasi kwa saruji ili majani yasiote, na hapo huwa haina tofauti na sakafu. Uani kwetu pevingi itaishia kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni na pale penye chanja, na mteremko wake utakuwa wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Mzunguko wa mkungu utabaki udongo, na panapobaki patatiwa kokoto. Wala hatutatia marumaru zinazong'aa, kwani mguu wa mtu wa miaka 70 na kitu juu ya marumaru iliyolowa ni hatari ambayo sitaki kuijaribu.

Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na ile ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Viwanja vinagawanywa, nyua zinapungua, na zile zinazobaki zinazibwa moja baada ya moja bila ya mtu kuuliza. Kwa hiyo ninaomba mabaraza yetu ya manispaa, ya Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na mabaraza ya Pemba pia, yampe kila anayeomba kibali cha ujenzi karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye michoro, inayomuonesha mteremko unavyopimwa, shimo la kunyonya maji ya mvua linavyochimbwa mbali na kisima na karo, na kiasi gani cha ardhi kinafaa kubaki wazi. Nawe Mhariri nakuomba uwaalike mafundi wakongwe na wahandisi waandike katika gazeti hili kabla ya masika, kwa sababu mvua ikishaanza kila fundi huwa ameshashikwa na kazi.

Sisi tunataraji kuanza baada ya vuli. Kilichobaki ni shimo la kunyonya maji, kwani kwetu ukichimba kwa jembe kiasi cha magoti unafikia jiwe. Kama yupo msomaji aliyewahi kulichimba kwenye ardhi ya mawe kama hii, iwe Fuoni, Makunduchi au Micheweni, namuomba aandike hapa alichimba kina gani, alilijaza nini, na kama masika ilipokuja lilinyonya.

Mkaazi wa Fuoni,
Wilaya ya Magharibi B, Unguja