Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayehamia England na watoto watatu

Mdogo wangu,

Kabla hamjakata tiketi, toeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto mviweke mezani. Ripoti za shule zisubiri. Huku mtoto haulizwi amefika darasa la ngapi, anaulizwa kazaliwa lini. Chukua umri atakaokuwa nao tarehe 31 Agosti, kabla mwaka wa masomo haujaanza, toa 4: jibu ndilo darasa lake. Nasema England kwa makusudi, kwani Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina utaratibu wake.

Tuwahesabu wako kwa Septemba 2026. Kitinda mimba, wa Machi 2021, atakuwa na miaka 5, basi ni Mwaka wa 1. Huko Tanzania bado yuko awali. Huku wenzake wameshamaliza mwaka mzima wa darasa liitwalo Reception, na Juni inayofuata watapimwa kusoma maneno kwa kuunganisha sauti za herufi. Wa kati kazaliwa Agosti 2015, ana 11, anaingia Mwaka wa 7, na Mwaka wa 7 ni sekondari. Ndiyo, kutoka darasa la tano. Angezaliwa Septemba 2 angebaki msingi mwaka mmoja zaidi. Mkubwa, wa Oktoba 2011, ana 14: Mwaka wa 10. Usipoteze nguvu kuomba warudishwe nyuma kwa sababu ya Kiingereza. Kukariri darasa huku ni nadra.

Mkubwa ndiye wa kumfikiria sana. Huko baraza la mitihani ni moja: akihama Mbeya kwenda Tanga, kidato cha pili kinamkuta na muhtasari ule ule. Huku bodi za mitihani ni kadhaa (AQA, OCR, Pearson Edexcel), na shule huchagua bodi somo kwa somo. Hisabati yaweza kuwa ya bodi hii, historia ya bodi ile, na tamthilia inayosomwa shule hii isiwe ile ya shule ya mtaa wa pili. Masomo ya GCSE, yaani mitihani ya mwisho wa Mwaka wa 11, kwa kawaida huchukua Mwaka wa 10 na wa 11, na mitihani yenyewe huwa Mei na Juni. Kwa hiyo kuanza Septemba ya Mwaka wa 10 kunavumilika. Kufika Januari ya Mwaka wa 11 ni balaa, kwani baadhi ya kazi zenye alama zimeshafanywa, vitabu vimeshasomwa, na masomo ya hiari anayoyapenda huenda yamejaa. Ama uje naye Septemba hii, ama abaki amalize kidato cha nne ndipo aje na cheti mkononi. Nusu nusu ndiyo itakayomuumiza.

Akija, siku ya kwanza uliza kwa kila somo: bodi gani, muhtasari wenye namba gani, na kazi zipi zenye alama zimekwishapita. Ukipata namba ya muhtasari, utaukuta bure kwenye tovuti ya bodi pamoja na mitihani ya nyuma. Alama zenyewe zinashuka kutoka 9 hadi 1, na 9 ndiyo ya juu. Usije ukachinja kuku kwa kuona 1 ukadhani ni divisheni wani. Alama 4 ndiyo kufaulu. Asipoifikia kwa Kiingereza au hisabati, ataendelea na somo hilo baada ya Mwaka wa 11, na sheria inamtaka awe kwenye masomo au mafunzo hadi atimize 18.

Nafasi unaiomba kupitia halmashauri ya mahali mnapoishi, ingawa shule nyingine hupokea maombi ya katikati ya mwaka moja kwa moja. Shule za serikali hazina ada. Ukisikia «public school», usifurahi: huku jina hilo ni la shule binafsi za bei kubwa, mfano Eton. Waliokuwepo waliomba nafasi za Mwaka wa 7 kabla ya 31 Oktoba iliyopita, wakajibiwa Machi, kwa hiyo wa kati atagombea zilizobaki. Maombi ya katikati ya mwaka yanatakiwa kujibiwa ndani ya siku 15 za shule, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa siku za likizo hazihesabiki. Ombi la mwisho wa Julai laweza kukaa hadi Septemba. Andaa mkataba wa pango wenye jina lako. Anwani ya hoteli au ya rafiki mara nyingi haikubaliwi.

Wakikupa shule usiyoipenda, ikubali, kisha muweke mtoto kwenye orodha ya kusubiri ya ile unayoitaka. Kuikataa hakukusogezi mbele kwenye foleni. Rufaa unayo haki nayo, ila kwa kitinda mimba matumaini ni madogo: hadi Mwaka wa 2, sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Na kama shule ya karibu yenye nafasi iko zaidi ya maili 3 (maili 2 kwa aliye chini ya miaka 8), halmashauri inapaswa kugharamia usafiri.

Ripoti yenye «nafasi ya 3 kati ya 62» huku haimwambii mwalimu kitu. Beba madaftari mawili matatu ya hisabati na insha aone kazi yenyewe, pamoja na kadi za kliniki za chanjo. Kama wa kati anasoma shule ya Kiswahili, jua kwamba hesabu anazijua, majina ndiyo hana. KDS na KKS anazitafuta vizuri, ila swali likija kwa Kiingereza atadhani ni kitu kipya. Mgawie daftari la safu mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, maneno kumi kwa siku kuanzia leo. Anza na sehemu, asilimia, pembe na eneo.

La mwisho ni ule mpango wenu wa kurudi nyumbani Krismasi kwa wiki nne. Shule hufunga kama wiki mbili tu Desemba. Mahudhurio huandikwa asubuhi na mchana, na mtoto akikosa siku tano bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule, faini ni pauni 160 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, au 80 ukilipa ndani ya siku 21. Zidisha wazazi wawili mara watoto watatu. Bibi mtamwona Agosti, shule zikiwa zimefungwa wiki sita.

Dada yako