Ramani za Serikali ziwekwe mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ramani za Serikali. Hivi karibuni kamati yetu ya maji, hapa Moshi, ilitaka kujua mfongo wa zamani, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, unakatiza wapi barabara, tukapewa nakala kivuli ya karatasi ya ramani ya kipimo cha 1:50,000 ambayo mkunjo wake ulikuwa umekula kipande kile kile cha mfongo tulichokitafuta. Kijana wetu mmoja alisoma majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) pembeni mwa karatasi na kuyaingiza kwenye simu. Simu ikatupeleka katikati ya migomba ya jirani, kwa sababu ramani hizo za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa zamani wa kupimia mahali uitwao Arc 1960 ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na tofauti kati yake hukaribia mita 300.

Kosa hilo lisingetokea kama data zenyewe zingetolewa kwa huduma ya ramani mtandaoni, ambamo seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data, hutuma tabaka la mito, barabara au mipaka, likiwa limekwisha kubadilishiwa mfumo, moja kwa moja kwenye kompyuta ya halmashauri, ya mhandisi au ya mwanafunzi, na marekebisho yakifanywa huwafikia wote kwa pamoja. Marekani ilifungua picha za setilaiti za Landsat bila malipo mwaka 2008, na Uingereza ikatoa sehemu ya ramani zake mwaka 2010. Taarifa za viwanja vya watu binafsi zilindwe. Hilo sina ubishi nalo. Lakini mto ni siri ya nani?

Mjumbe wa kamati ya maji,
Moshi