Kiwanja cha Pongwe kisiuzwe

Moshi, mwezi wa saba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mtoto. Mimi sijambo, ila baridi ya Julai huku haina adabu. Mlima unachungulia asubuhi kidogo, kisha unajifunika blanketi lake siku nzima, na sisi tunajifunika yetu.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Umepata nafasi London, shahada ya uzamili ya kinga ya mwili na magonjwa ya kuambukiza. Hongera sana, tena sana. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Lakini nilipofika pale unaposema shemeji anataka mkauze kiwanja cha Pongwe mpate ada, chai ikapoa mkononi. Nikaona haya si mambo ya kujibizana kwa simu, nikuandikie barua kamili.

Jibu langu ulipate mapema ili usome mengine ukiwa umetulia: kiwanja kisiuzwe. London wakikupa ufadhili wa kila kitu, nenda kesho, hata mtoto niachie mimi. Wasipokupa, waombe wakuahirishie nafasi mwaka mmoja, nawe uutumie mwaka huo huku huku nyumbani. Fedha ni sababu mojawapo, maana ada ya mwanafunzi wa nje peke yake ni nyumba nzima na choo chake. Sababu yangu kubwa lakini ni damu. Vumilia nikueleze.

Kazi yangu ya uzamivu unaijua juu juu, kwamba "anasoma TB". Ukweli ni kwamba nawasoma wasioipata. Mtu akigundulika ana kifua kikuu akaanza dawa, sisi tunakwenda kwake kuwaona wale waliokuwa wakilala naye nyumba moja. Wengi ukiwapima unakuta vijidudu vimeshaingia mwilini vikalala. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wako hivyo, na kati yao ni 5 hadi 10 tu katika kila 100 watakaokuja kuugua. Lakini mara moja moja unakutana na mama aliyemuuguza mumewe kikohozi miezi kadhaa, kala naye, kalala naye, na kipimo kinasema hana kitu. Unarudi baadaye unampima tena, hana kitu. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Kampala wenzetu wa Makerere na wa chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani wamewafuatilia watu wa aina hii kwa miaka mingi. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo yaliyotokana na damu yao, nami nilipoyasoma ndipo nilipojua nitafanya kazi gani maishani. Watu wale kijidudu kimewagusa sawasawa. Wana kingamwili dhidi yake, zile protini za damu zinazomnata adui, wana pia seli T, askari wa damu wanaokitambua, ila seli zenyewe hazitoi interferoni gama, protini ya kuziamsha seli nyingine. Na kipimo chetu cha kila siku kinatafuta interferoni gama, basi. Tuliwaita watu hao "hawajaambukizwa" kwa sababu tuliuliza swali moja, na mwili ulikuwa umejibu swali jingine.

Sasa twende kwenye damu yenyewe. Wewe umekulia maabara ya hospitali, sampuli ikifika mkono unakwenda kwenye friji bila kufikiri. Huku acha mkono wako mfukoni. Damu ya kutafutia seli hai haipigwi baridi. Inakaa katika joto la kawaida la chumba, nasi tunaikimbiza. Ikifika tunaichanganya na maji ya chumvi maalumu, kisha tunaimimina taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, mrija umeinamishwa, pipeti imeegemea ukutani mwa mrija, tone kwa tone, damu ikae juu isichanganyike na kilichopo chini. Halafu sentrifuji, mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi, karibu nusu saa, na breki imezimwa. Hilo la breki andika pembeni. Mashine ikisimama ghafla, kila kitu kinavurugika ukaanza kulia. Ikisimama yenyewe polepole, unainua mrija kwenye mwanga: juu kabisa plasma ya rangi ya manjano, chini kabisa seli nyekundu zimelala, na katikati pete nyembamba ya ukungu mweupe, unene wake hata kucha haifiki. Kazi yetu yote imo kwenye pete ile. Unaifyonza kwa pipeti huku pumzi umeishika.

Damu ikikaa usiku kucha kabla ya hapo, pete haipendezi. Seli za aina nyingine, ambazo zilipaswa kuzama chini, zinabadilika uzito na kubaki juu pamoja na zile unazozitaka, na zile unazozitaka zimeshachoka. Unaziamsha kwa protini za kijidudu cha TB, hazisemi kitu, au zinasema ovyo. Wewe uliye mezani huwezi kujua kama ni mwili wa yule mama uliokaa kimya au ni uchovu wa safari. Serumu, yale maji ya damu yasiyo na seli, haina shida hiyo. Kingamwili ukizigandisha zitasafiri hadi London na kurudi zikiwa vilevile. Seli ni viumbe hai, zinadeka.

Najua utanishika hapo, maana nakufahamu. Utasema hata seli za wale watu wa Kampala ziligandishwa zikasafirishwa Marekani kusomwa. Kweli kabisa. Lakini jiulize ni nani aliyezigandisha vizuri hadi zikafika hai. Kuna watu pale Kampala waliopokea damu kutoka majumbani, wakatoa ile pete nyeupe na kuishusha baridi polepole, kisha wakaitia kwenye naitrojeni ya kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mikono hiyo isingekuwepo, mashine za Marekani zingesoma maiti. Ndiyo maana nasema mikono hiyo uipate kwanza. Huko kwenye mashine kubwa utakwenda ukiwa unajua unachokisoma kilitoka wapi, na utamwambia profesa "hapana, hii sampuli imechoka" kabla yeye hajaona.

Halafu maswali yenyewe, shoga, yako huku. Mfano wa Bagamoyo unatosha. Chanjo ya malaria iliyotengenezwa kwa vimelea wazima waliodhoofishwa kwa mionzi iliwapa Wamarekani kinga nzuri. Vijana wa Kitanzania walipochanjwa Bagamoyo, miili yao iliitikia kwa unyonge kuliko ile ya Wamarekani, kingamwili zikawa chache. Kwa nini? Ni malaria za utotoni zilizoifundisha kinga kuvumilia? Minyoo? Chakula? Mtu anayesomea jambo hili kwenye damu ya wanafunzi wa Ulaya peke yake atalijibu kwa kubahatisha.

Na kuhusu chakula, hapa hapa Moshi kuna jambo lililonichekesha na kunifikirisha pamoja. Watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa, na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua vijana wa kiume 77 wa mkoa huu. Waliozoea chakula cha asili cha vijijini wakalishwa cha mjini kwa wiki mbili, soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakalishwa cha asili, ndizi na maharage na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu likanyweshwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, na usiniulize walipataje watu wa kujitolea, nadhani foleni ilikuwa ndefu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Waliohamia chipsi na soseji, dalili za uvimbe, yaani mwili kuwaka ndani kwa ndani, zilipanda katika damu na seli zao zikalegea zilipokutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili na wale wa mbege walielekea upande wa pili. Wiki mbili tu! Na utafiti wa namna ile unataka damu mbichi, iliyotolewa asubuhi ikakutanishwa na vijidudu siku hiyo hiyo. Uufanyie London namna gani?

Kuna upande mwingine ambao hakuna darasa linaloufundisha. Wiki iliyopita tulikuwa kwa bibi mmoja, huko chini tambarare, tunawaomba wajukuu damu. Akatusikiliza hadi mwisho, fomu ya ridhaa ikasomwa yote kwa Kiswahili, kurasa na kurasa. Akauliza taratibu, "Na ninyi si mumiani?" Wenzangu wakacheka. Mimi wa Tanga sikucheka, marehemu nyanya yangu alikuwa akitufungia milango kwa ajili ya hao hao mumiani. Nilimtolea mirija nikamwonyesha ni mililita 20, vijiko vinne vya chai, nikamweleza inakwenda wapi na inakaa wapi, na kwamba ikitaka kutoka nje ya nchi kuna kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mkataba wa kuihamisha. Akauliza swali ambalo hata kamati ya maadili haijawahi kuniuliza: "Mkishapata mnachokitafuta, mtarudi kuniambia?" Nimesema nitarudi. Sasa nina deni kwa bibi.

Basi mwaka wako wa kungoja utautumiaje? Kwanza usijidharau. Hadubini unaijua, GeneXpert, mashine ya kupimia TB, unaijua, kihesabio cha seli unakijua, na unajua sura ya mgonjwa anayesubiri majibu dirishani. Wengi wanaoanza uzamili hawana hata nusu ya hayo. Unachokosa ni takwimu. Anza kujifunza programu ya R sasa hivi, ni ya bure, na itakutesa mwezi wa kwanza kisha mtazoeana. La pili, omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha Kilifi. Ukivuka mpaka Horohoro umeshaingia Kenya. Kituo kile kimekuwepo tangu 1989 na kimewalea watu wengi wa kwetu. Faith Osier alianza kama daktari, akaingia utafiti Kilifi, na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza umoja wa vyama vya kinga ya mwili duniani. Sisemi utakuwa yeye. Nasema mlango upo.

Tatu, usiishike London peke yake. Makerere wanafundisha uzamili wa kinga ya mwili na mikrobiolojia ya tiba, na Wajerumani wa DAAD wana ufadhili wa kusomea ndani ya Afrika Mashariki. Upande wa Uingereza jaribu Jumuiya ya Madola. Popote utakapoomba, usiandike kwamba "unapenda sana sayansi tangu utotoni". Kila mtu anaandika hivyo. Andika yale ya wagonjwa wako uliyonisimulia, waliomaliza dozi ya TB wakarudi tena na kikohozi, ukajiuliza ni kijidudu kile kile au ni kipya. Hilo ni swali la uzamivu na wewe unalibeba kama uvumi wa sokoni.

Nisikufiche na ya upande wa pili. Vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, vinaagizwa ng'ambo, na vikichelewa unakaa na wagonjwa wako na fomu zako huna la kufanya. Seli hazijui sikukuu. Usiku wa kuamkia Idd nilikuwa maabara nikingoja inkubeta, huku mama ananipigia simu kuuliza pilau ananiwekea au asiniwekee. Posho ikichelewa unajifunza kupika ndizi kwa kila namna. Na shemeji lazima mkae naye mzungumze kabla, si baada, kwamba kuna miezi utakuwa unarudi saa nne za usiku ukinuka klorini. Yeye ni mwelewa, alitaka hata kuuza kiwanja, lakini mtu anavumilia zaidi analolijua.

Waandikie London kabla ya mwisho wa mwezi huu, barua fupi ya heshima, uombe kuahirisha. Rasimu nitumie niipitie. Barua za wadhamini zianze kuombwa sasa. Yule mwalimu wetu wa mikrobiolojia anakukumbuka vizuri, ila ni mzito wa kujibu, mpigie simu usimwandikie.

Vile vitabu viwili vya kinga ya mwili nimeshavifunga. Ijumaa navipa basi la asubuhi, shemeji akavipokee stendi ya Kange. Kile kikubwa anza na sura ya seli T, zile za mwanzo zitakulaza usingizi.

Nisalimie bi mkubwa, mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe mwezi wa kumi na mbili.

Wako,
shoga yako wa Moshi