Mbegu kinzani, lakini kwa ugonjwa upi?

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya kilimo iliyowahakikishia wakulima wa matango, maboga na matikiti kwamba wakinunua mbegu kinzani wamemalizana na magonjwa. Mimi nalima matango na kuotesha miche, na mbegu hizo ndizo nipandazo. Ila makala haikutaja ugonjwa hata mmoja.

Chukueni ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Wengi wetu huviita vyote "ukungu", tukaishia kupuliza dawa isiyohusika. Ubwiri unga hukaa juu ya jani kama vumbi jeupe, unaufuta kwa kidole. Ubwiri vinyoya huanza na mabaka ya njano yenye pembe, kwa kuwa huzuiwa na mishipa ya jani la tango. Ligeuze jani asubuhi kabla umande haujakauka, utakuta manyoya ya kijivu yanayoelekea zambarau. Aina ya tango inayoushinda ule wa kwanza inaweza kuteketea kwa huu wa pili.

Tena ukinzani huchakaa. Tikiti la aina iitwayo PMR 45 lilitolewa California mwaka 1936 kuukabili ubwiri unga. Kufikia 1938 kimelea kilikuwa na kizazi kipya kinachoishambulia aina hiyohiyo. Matango ya Marekani yalilindwa kwa miongo kadhaa dhidi ya ubwiri vinyoya kwa ukinzani uliotoka kwenye tango la India, hadi mwaka 2004 ulipozidiwa nguvu. Watafiti wakarudi tena kwenye mbegu za asili kutafuta jeni nyingine.

Kwa batobato nakubaliana nanyi kabisa. Kidukari huambukiza virusi vya ZYMV, vinavyoleta batobato, kwa kudunga jani sekunde chache tu, kwa hiyo dawa ya wadudu humuua akiwa keshaharibu. Hapo mbegu ndiyo kinga yenyewe, na sehemu ya ukinzani uliomo katika maboga ya leo ilipatikana kwenye boga la kienyeji la Nigeria. (Wanaodharau mbegu za kienyeji wasome hapo mara mbili.)

Lililoniudhi zaidi ni makala kunyamazia shamba lililokwisha vunwa. Kimelea cha ubwiri vinyoya kinahitaji mmea hai. Matango yaliyoachwa yakiwa kijani baada ya mavuno yanaendelea kukilisha, na upepo unapeleka spora zake (chembe anazozaliana nazo kimelea) kwa jirani, awe amepanda aina kinzani au la. Ng'oeni mara mnapomaliza kuchuma.

Mkiandika tena, wafundisheni wasomaji kusoma pakiti: Px ni ubwiri unga, Pcu ni ubwiri vinyoya, HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kati. Mwenye IR ugonjwa utamfikia, ila polepole, kwa hiyo bomba la kupulizia asiliuze.

Mkulima na mwotesha miche