Mdahalo wako wa Ijumaa

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi, watoto hawajambo? Huku wazima. Najua nimechelewa kujibu, usininunie. Ujumbe wako kuhusu mdahalo wa kunakili binadamu nimeusoma mara tatu, na kila mara naishia kugombana kichwani na huyo Idi uliyemnukuu. Eti kloni, yaani kiumbe aliyenakiliwa kutoka seli ya mwingine, haitakuwa na roho! Muulize, katika mapacha wa kufanana, wenye DNA moja, ni yupi aliyenyimwa roho?

Ila usipotezee dakika zako hapo. Shikilia hoja ya mayai. Yai hunyonywa kiini chake kwa sindano ya kioo, likawekewa seli ya mwili ya anayenakiliwa, kisha umeme kidogo ukaziunganisha na kuliamsha lianze kugawanyika. Ukilisikia hivyo utadhani kazi ndogo. Kwa Dolly, yule kondoo aliyenakiliwa kule Roslin, Uskoti, mayai 277 yaliunganishwa, viinitete (mimba changa kabisa) 29 vikapandikizwa kwa kondoo 13, akazaliwa mmoja tu, 1996. China mwaka 2018 walitangaza kima wawili walionakiliwa; viinitete vilivyopandikizwa vilikuwa 79, kwa majike 21.

Sasa toa kondoo, weka wanawake. Mayai hayo yatoke kwa nani? Mtoaji huchomwa homoni siku kumi hivi, kisha sindano hupitishwa ukeni hadi kwenye ovari, na kwa tabu yote hiyo hupatikana mayai kumi, labda kumi na tano. Kuna ambao ovari huvimba na maji yakajaa tumboni. Halafu wanawake wa kubeba mimba, tena wengi, maana nyingi huharibika. Kwa nini? Seli ya mwili, tuseme ya ngozi, imeshazoea kuwa ngozi: alama za kikemikali zinazowasha na kuzima jeni hazifutiki zote ndani ya yai. Kwa ng'ombe, kondo la nyuma huvimba, ndama huzaliwa wakubwa kupita kiasi, wengine mapafu hayafanyi kazi.

Mtu atajibu kwamba sayansi itaboreka. Usimbishie! Muulize tu itaboreka juu ya miili ya nani.

Jambo moja usilichanganye: kuzaa kloni, na kutengeneza kiinitete ili kutoa seli shina (zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) bila kukipandikiza. Uingereza mwaka 2001 ilipiga marufuku la kwanza, la pili ikaliruhusu kwa leseni. Tamko la Umoja wa Mataifa la 2005 la kupinga kunakili binadamu, ambalo halimfungi mtu kisheria, lilipita kwa kura 84 dhidi ya 34, na mgawanyiko ulitokana hasa na hilo la pili. Hata huko lakini tunarudi kwenye mayai: kashfa ya watafiti wa Korea Kusini waliodai kupata seli shina za kloni ilitumia mayai zaidi ya 2,000, mengine ya watafiti wadogo wa maabara ileile, na matokeo yakaja kuonekana ya kughushi. Wewe mtoto wa kike mwajiriwa, bosi akikuomba yai, utasema hapana?

Na yule anayetaka kumrudisha marehemu... hilo sitaki hata kulianza, nitajaza karatasi.

Haya, unaunga mkono au unapinga? Umepewa dakika ngapi? Mwenyekiti ni Mwalimu Pendo na kengele yake? Na kitabu changu utarudisha lini?

Wako,
Mwanaidi