Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bonde, Matete na Ada

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakulima na wafuga samaki wa bondeni, asalaam aleikum na poleni na kazi.

Taarifa hii ilikuwa niisome kwenye mkutano mkuu lakini mnajua yaliyotokea, mara ya kwanza akidi haikutimia, mara ya pili haikutimia, mweka hazina kakaa na daftari lake chini ya mwembe mpaka adhuhuri tukabaki watu tisa, katiba inataka nusu. Basi nimeona niiandike kila mtu aisome kwake.

Za kawaida nazipitia haraka. Mifereji ilizibuliwa kabla ya masika. Mpunga wa majaruba ya chini umevunwa. Perege tulipandikiza mabwawa matatu, la tatu kambale wakaingia na mafuriko wakamaliza vifaranga, hilo kila mtu analijua. Tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhi Oevu Duniani, tuliokota chupa na mifuko kwenye mikoko, walikuja wanafunzi wengi kuliko wanachama.

Sasa nizungumzie matete, na hapa nitakaa kidogo maana yamesemwa mengi vijiweni. Kamati iliamua vile vishamba vinane vya juu, pale mtaro wa mjini unapomwaga bondeni, visilimwe tena, viachwe viote matete. Uamuzi niliusimamia mimi na ningeogopa maneno ya watu usingepita. Wanaosema mwenyekiti kauza eneo waje waoneshe mnunuzi. Na wanaosema nilipendelea ndugu, shemeji yangu mwenyewe ni mmoja wa wale wanane, mpaka leo tukikutana msibani ananipa mkono bila kuniangalia.

Pale juu kulikuwa kunalimwa mchicha kwa maji ya mtaroni, maji ya vyoo na ya kufulia, mayai ya minyoo yamo, mchicha unauzwa sokoni tunakula sisi na watoto wetu. Halafu maji hayohayo yanashuka kwenye mpunga na kwenye samaki. Matete yakiwa mazito maji yanapunguza mwendo, tope linatua chini, na kwenye mashina na mizizi wanakaa vijidudu wanaokula ule uchafu. Lile tete ndani lina uwazi, linapeleka hewa mpaka mizizini kwenye tope ambako hewa haifiki, ndo maana vijidudu vinaishi. Ile mbolea iliyomo kwenye majitaka matete yanainyonya yanakua, ndo maana lazima tuyakate na kuyatoa, yakiozea humohumo uchafu unarudi majini. Na tukiyakata tunapata ya kuezekea na ya uzio, hiyo nayo hela.

Anayebisha aende asubuhi mapema pale kwenye gogo la kuvukia. Upande wa juu maji rangi ya majivu, povu la sabuni limenasa kwenye mashina, harufu ndo ileile. Afuate ukingo mpaka matete yanapoishia, pale maji yanatoka taratibu, unaona mchanga chini na viperege vinakimbia kivuli chako. Lakini nasisitiza, maji kuonekana masafi sio kwamba ni salama, msinywe, msimwagilie mboga za kuliwa mbichi, samaki apikwe aive kabisa, na anayeingia kupandikiza mpunga avae buti, kichocho kipo.

Wala sio kitu nilichokiota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi hii ya kusafisha majitaka kwa matete miaka mingi, hata mjini Moshi ipo. Kule Kolkata, India, majitaka ya jiji yanaingizwa kwenye mabwawa ya samaki na mashamba, eneo la hekta 12,500, na mwaka 2002 likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa ardhi oevu ambao Tanzania tumo tangu 2000. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kuharibu. Mnakumbuka 2022 mto Ruvu ulivyopungua mpaka Dar wakagawiwa maji kwa zamu? Bonde lenye matete linashikilia maji kiangazi, likikaushwa likafyekwa tutalia wote.

La kwamba matete yanafuga mbu pia nimelisikia. Mbu anataka maji yaliyotuama yasiyo na samaki, kwetu yanatembea na perege wanakula viluwiluwi. Mnaotupa makopo na matairi nyuma ya nyumba ndo mnaowafuga.

Hesabu. Tulianza na shilingi 1,150,000, ada 624,000, samaki 410,000, jumla 2,184,000. Tumetumia vifaranga 350,000, mifereji 280,000, vikao na usafiri 95,000, na fidia ya wale wanane 640,000, yaani 80,000 kila mmoja, wote wamesaini. Imebaki 819,000. Waliosema fidia ilikuwa ya kuwahonga wajue nilikuwa naweza kuwaondoa bure kwa sheria nikakataa, watu walikuwa na mboga shambani.

Na sasa hili linaloniuma. Tuko 63, waliolipa ada ni 26. Elfu mbili kwa mwezi! Wengine 37 tunawadai 888,000, na humohumo ndimo wanaouliza kwa sauti kubwa hela za chama zinaenda wapi. Kwenye kuzibua mifereji mnatuma mtoto wa darasa la tatu na jembe bovu, ikija siku ya kugawa samaki mko mlangoni kabla ya nyavu. Mimi nauli ya kwenda wilayani na kwenye bodi ya maji ya bonde natoa mfukoni, sijawahi kudai.

Mwakani Mungu akijalia tunatarajia maji yapimwe maabara, tupate na chekeche la kuzuia kambale kwenye bwawa la tatu, na wafadhili wakipatikana tuongeze bwawa, tuone.

Kukata matete tunaanza mvua zikikatika, kila kaya itoe mtu mzima mmoja na panga lake. Ada apelekewe mweka hazina, sio mimi, na mdai risiti.